Ukurasa wa Wazee

Mzee Sumari anaishi Kikwe, upande wa chini, mahali ambapo maji ya mfereji hufika yakiwa yamepungua. Ana miaka sabini na nane. Mke wake alizikwa nyuma ya migomba miaka tisa iliyopita. Mtoto wake Frederick anafanya kazi Geita na hupiga simu Jumapili, akikumbuka. Siku nyingine hakuna anayelitaja jina lake. Wapita njia humwambia, "Shikamoo mzee," naye hujibu, "Marahaba," lakini mzee ni jina la kila mwenye mvi.

Ndiyo maana aliisubiri siku ya mfereji kwa hamu kuliko hata Krismasi. Mara nne kwa mwaka watumiaji wote wa maji hukutana kwenye banio, lango la kufungulia maji, kila kaya na jembe lake, wakazoa tope. Kabla ya kazi katibu husoma majina, na kazi ikiisha huyasoma tena. Jibu ni moja tu: "Nipo." Mzee Sumari alianza kulitoa akiwa kijana wa miaka ishirini, siku baba yake alipoumia mguu akamkabidhi jembe, na hajawahi kukosa. Hata wiki aliyomzika mkewe alikwenda.

Jumamosi moja ya Septemba aliamka mapema, akawasha redio, akaweka maji ya chai ya kikombe kimoja. Mtangazaji akasema mvua za vuli zinatarajiwa kuwa chini ya wastani.

"Wastani wa nani?" Mzee Sumari akaiuliza redio. "Wewe ulikuwepo hapa mwaka gani?"

Ana mazoea ya kubishana na redio. Aliiambia kwamba zamani baridi ya Julai ilikuwa inaondoka kwa adabu, ikaacha umande mpaka Septemba, na mlima ulikuwa unafunikwa wiki nzima kabla ya mvua ya kwanza. Sasa Meru unasimama peupe bila wingu toka asubuhi, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Akaanza kufunga vifungo vya shati. Kifungo cha tatu kilimchukua muda mrefu, vidole havisikii tena. Redio ikahamia kwenye kampeni, akaizima.

Alikuwa na jambo lake moyoni kuhusu kampeni. Wiki mbili kabla, mgombea udiwani alikuja kijijini na gari la muziki. Mzee Sumari anakumbuka wagombea waliokuja na karatasi mkononi, wakasimama juani wakaulizwa maswali mpaka jasho likawatoka. Huyu alikuja na wacheza ngoma na kofia. Watu walipomaliza kupiga vigelegele, Mzee Sumari alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akauliza: kalavati la barabara ya kwenda Makumira limeahidiwa katika chaguzi tatu, saruji yake iko wapi? Kijana mmoja alimletea kofia. Aliielewa kuwa ni ya kumziba mdomo, akaiacha kwenye kiti. Alirudi nyumbani ameridhika. Kwa siku kumi na nne alijiuliza watamfanya nini.

Kwenye banio watu walikuwa wamekusanyika, kama arobaini hivi. Katibu wa mfereji, Lesikar, mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, alifungua daftari. Majina husomwa kwa kufuata mashamba kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila mtu anajua anamfuata nani. Mzee Sumari anamfuata Sia, jirani yake mjane.

"Sia?"

"Nipo."

Mzee Sumari akavuta pumzi.

"Kisioki?"

"Nipo."

Alifunga mdomo. Majina yakaendelea mpaka mwisho, watu wakaanza kugawiwa hatua zao kwa kipimo cha fimbo, kumi na mbili kila mmoja. Moyo wake ulikuwa unapiga, na nisiseme uongo, si kwa huzuni peke yake. Kumbe walimsikia. Kumbe neno lake lilikuwa na uzito wa kuadhibiwa. Alishika jembe akamfuata katibu.

"Lesikar."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeniruka."

"Sijakuruka, baba. Kamati imekuhamishia ukurasa wa wazee. Waliopita sabini na tano hawachimbi tena. Maji yako utaletewa mpaka shambani, usihangaike."

"Usinizungushe. Ni kwa sababu ya maneno yangu mkutanoni."

"Mkutano gani?"

"Wa mgombea. Nilipouliza saruji ya kalavati."

Lesikar alimtazama Kisioki, na Kisioki akaegemea jembe lake akicheka. "Kumbe hilo ndilo ulilokuwa unauliza? Mzee wangu, spika zilikuwa zimezimwa! Sisi wa nyuma tuliona mkono tu. Tukajua unadai kofia."

"Na akapewa!" mwanamke mmoja akadakia.

"Akapewa, halafu akaisusa. Labda haikumtosha."

Wakacheka wote, Lesikar naye, wala hawakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonikera mimi. Mtu aliyefukuzwa anaweza kukata rufaa, lakini aliyeondolewa kwa huruma ataanzia wapi? Kamati ilikaa, ikapanga umri, ikapanga maji, ikaona imetenda wema. Kumuuliza mwenyewe hakuna aliyefikiri. Sisi tunaojisifu kwa kuheshimu wakubwa tumegeuza heshima kuwa kiti cha pembeni, na tukishamkalisha mtu hapo hatugeuki tena.

Mzee Sumari hakurudi nyumbani. Alikwenda chini ya kipande cha mwisho, ambapo hapakupimiwa mtu, akavua viatu akaingia kwenye tope.

Sia alikuwa jirani na hapo. "Baba Fredi, kaa kivulini. Utaanguka tukuzoe pamoja na tope."

"Mkinizoa mniweke upande wa juu, nisirudi mferejini."

"Mkaidi wewe!"

Alichimba. Wenzake walipokuwa hatua ya sita, yeye alikuwa na moja. Walipomaliza kumi na mbili, alikuwa na tatu, na alikuwa amesimama mara nyingi akijidai anatazama mlima. Kazi yake haikuwa nzuri. Alitupa tope karibu mno na ukingo, na nusu yake ikaporomoka ikarudi ndani.

Saa sita Lesikar akasoma majina kwa mara ya pili, akafunga daftari.

"Hujasoma wazee," Sia akasema.

"Hawasomwi, mama. Hawajafanya kazi."

"Mmoja amefanya. Au macho yako nayo yahamie ukurasa huo?"

Watu wakacheka tena. Lesikar akafungua ukurasa wa mwisho.

"Philemoni?"

"Alizikwa Pasaka," mtu akasema.

"Sefu?"

"Alihamia Daraja Mbili, kwa watoto wake."

"Nalepo?"

"Haamki kitandani, masikini."

"Sumari?"

"Nipo," akasema Mzee Sumari. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na hakukuwa na mwingine wa kumfuata. Akasogea karibu. "Lesikar, nirudishe kule mbele. Baada ya Sia."

"Kule ni hatua kumi na mbili, baba. Utaziweza?"

Mzee Sumari aligeuka akaziangalia tatu zake. Angeweza kusema ataziweza. Hakuna ambaye angembishia, na pengine wangemwandika, kisha kila mara kijana fulani angemmalizia kimyakimya.

"Siziwezi," akasema. "Basi nisome hapo hapo nilipo. Lakini nisome."

"Sawa, baba," Lesikar akajibu. Hakuandika kitu.

Banio likafunguliwa. Watu waliondoka mbio, kila mmoja kuyawahi maji kwenye shamba lake. Mzee Sumari aliosha jembe, akavaa viatu, akafuata njia ya mfereji peke yake. Maji yalimpita kabla hajafika nusu ya safari. Alipofika nyumbani alikuta mtu ameshamfungulia na kwenda zake, na mahindi yake yamesimama kwenye maji, kama alivyoahidiwa.