Kijito Kilichorudi Pampu Ilipoharibika

Mtaa mzima ulimwita Bomba tangu siku alipokabidhiwa ufunguo wa kibanda cha pampu. Kazi yake ilikuwa kuwasha mashine, kusikiliza mlio wake na kuipaka grisi, na mkewe alimtania kwamba angeruhusiwa angelala nayo. Maji ya kisima kirefu yalipopanda kwenye tangi, alitembea kifua mbele kana kwamba ameyaumba yeye.

Bondeni, karibu kabisa na kisima hicho, dada yake mkubwa alikuwa na kitalu cha miche kando ya kijito. Miche hiyo ndiyo iliyomlea Bomba baada ya mama yao kufariki. Kiangazi hicho kijito kikaanza kunywea. Roho ilimuuma Bomba. Akavuta mpira kutoka kwenye tangi hadi kitaluni, akawa anaiacha pampu ikinguruma mpaka jioni kwa ajili ya dada. Kijito kikazidi kukonda. Naye, maskini wa Mungu, akazidi kuwasha.

Kisha mkanda wa mashine ukakatika. Wakiwa bado wanasubiri mwingine, dada akaja mbio akicheka.

"Bomba wee! Kijito kimerudi, na mvua yenyewe haijanyesha!"

Bomba alitaka kucheka naye, lakini akageuka kuitazama pampu iliyokuwa imezimika. Mkanda ulipofika aliufunga, akawasha, akashuka bondeni na kuchomeka kijiti pale maji yalipoishia. Kabla jua halijazama, kijiti kilikuwa kimesimama kwenye tope tupu. Ndipo akaelewa. Maji aliyompelekea dada kwa mpira ndiyo yaleyale aliyokuwa akimnyang'anya kupitia ardhini.

Asubuhi hakuwasha. Ndoo zikajaa mlangoni, watu wakaanza kufoka. Dada akapenya hadi ndani, jasho likimtoka.

"Washa, mdogo wangu. Miche inanyauka."

"Dada, pampu hii ndiyo inayokausha kijito. Tukiizima siku kadhaa, kitarudi."

Dada alitazama bondeni, akawatazama akina mama wenye watoto mgongoni.

"Kitarudi miche imeshakufa," akasema. "Na hawa wanywe nini? Washa."

"Naogopa, dada."

"Hata mimi naogopa. Washa."

Akawasha. Nje watu walishangilia, wakasukumana na ndoo zao. Ndani, dada alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma, wakabaki wawili hao wakiisikiliza mashine ikivuta.