Wasifu wa Vitus, Ambao Gerson Hakuusoma

Ukiingia kwenye ubao huu wa matangazo, utasoma kwanza habari za kaka yangu Vitus, ndipo uendelee. Nimepanga hivyo mimi, Apolonia, dada yake.

Siku ya mazishi, wasifu wake ulisomwa na binamu yetu Gerson. Aliusoma kama mtu anayekimbia mvua. Alisema Vitus alikuwa fundi redio wa Kihesa, hakuoa, hakuacha kitu. Watu wakaguna, wakachukua majembe.

Hakuacha kitu. Na kompyuta yake ilikuwa chumbani, nimeifunika kwa kitenge.

Miaka ya tisini Vitus aliiunganisha na simu ya mezani, ikawa ubao huu wa matangazo. Aliyekuwa na kompyuta na simu aliipigia, akaacha tangazo: bei ya mchele Rujewa, mazoezi ya kwaya, misiba. Misiba hasa. Manesi wa misheni waliandika nani amefariki, na Vitus alipanda baiskeli kupeleka habari hadi Kalenga ili ndugu wawahi kuzika. Hakuomba hata soda.

Laini ya simu ilikuwa kwa jina la Gerson. Alipofungua baa, alikuja na plaizi akakata waya, simu akaihamishia kaunta. Vitus alimfuata kumwomba. Gerson akamjibu mbele ya wateja, "Bwana Matangazo, si una mdomo? Zunguka utangaze." Wakacheka. Mwezi uleule mjomba wetu alifia Rujewa, sisi tukapata habari ameshazikwa. Tangu hapo Vitus alipungua maneno, mpaka anakufa.

Najua kisasi ni cha Bwana. Nimemwomba aniachie kipande.

Tulipoanua matanga nilimwita Lutengano, fundi kompyuta wa Mbeya, aliyefundishwa kazi na Vitus.

"Dada, mzee huyu bado anasubiri simu iite," alisema baada ya kuiwasha ile kompyuta.

"Mdanganye, basi."

Alichomeka kijisanduku nyuma ya kompyuta, kinachoshika intaneti ya hapa nyumbani bila waya. Mtu akiingia kutoka popote duniani, kompyuta inadhani amepiga simu, inapokea. Lutengano alijaribu kwa simu yake ya mkononi, na jina la Vitus likatokea kwenye kioo, herufi za kijani kama zamani. Nilipiga magoti palepale. Nilipoinuka, nikaandika haya, na jina la Gerson sikulificha.

Sehemu hii nimeiongeza leo. Gerson amenipigia, wajukuu zake wamemsomea.

"Apolonia, mimi ni kaka yako. Toa jina langu."

"Nionyeshe palipo na uongo, kaka. Nitapafuta sasa hivi."

Aliuliza, taratibu, "Hivi waya wa kompyuta ile siku hizi unapita wapi?"

"Njoo na plaizi yako," nilimwambia. "Waya hakuna."