Shimo la Mama Ngalula

Bora niwaambieni mwenyewe, maana mtaa mzima umeshajua.

Mama Ngalula, aliyenifundisha shule ya msingi, alichukua pesa yake yote ya pensheni akanunua nyumba jirani na yangu. Ndiyo nyumba yake ya kwanza. Maisha yote alikuwa mpangaji. Wiki ileile akafunga turubai nyuma ya ukuta, na udongo ukaanza kutoka.

Hapa Kolwezi, mtu akichimba uani chini ya turubai, hatuulizi. Amepata kobalti, madini yenye pesa. Nikamvulia kofia: mwalimu alijua pa kununua!

Jumamosi nikavaa buti, nikabeba sepetu na magunia mapya kumi na mawili, nikapenya chini ya turubai. Nikamkuta ndani ya shimo, mzee yule, anachimba mwenyewe, jasho linamtoka.

"Mama," nikanong'ona, "tuchimbe pamoja, tutagabana nusu kwa nusu."

Akanitazama kama zamani nilipokosea hesabu.

"Tugabane nini, mutoto yangu? Hii ni choo. Turubai ni ya kukinga jua. Miaka yote niliomba ufunguo ya choo ya benye nyumba. Hii ya kwangu, nachimba na mikono yangu."

Nikaanza kurudi kinyumenyume, kwa heshima zote.

"Unaenda wapi? Sepetu unayo. Shuka."

Nikashuka. Majirani walikuwa wameshajaa juu ya ukuta.

"Tata Ilunga," mmoja akaniita, "na ile magunia ni ya nini?"

Kabla sijapata uongo, Mama akajibu:

"Ni ya kubebea nusu yake."