Abiria Niliyempakia Kwenye Gari la Shangazi

Shangazi yangu ni hodari wa punda, lakini usukani hakuwahi kuushika mpaka kituo kimoja cha afya huko bara kilipomwahidi kazi ya udereva. Sharti lilikuwa leseni, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Kila alasiri baada ya shule nilivuka naye kwa boti kutoka kisiwani kwetu hadi Mokowe kwenye mazoezi, eti nimsindikize. Ukweli nilifuata viazi karai.

Gari lilikuwa la otomatiki. Alhamisi, mwalimu wake aliposhuka kusogeza jiwe, Shangazi aliweka gia, akaachia breki, na kabla hajakanyaga mafuta gari likaanza kutambaa.

"Mbona laenda? Sijaligusa!"

Mimi huyo, kiti cha nyuma, nikatoa sauti nzito: "Kuna abiria hapa. Ndiye anayesukuma."

Alikanyaga breki kwa miguu miwili, akavuta handibreki, akashuka na viatu mkononi. Ijumaa hakwenda. Jumamosi hakwenda. Jumapili nikamkuta jikoni anapuliza makaa ya chetezo, ubani uko tayari.

"Wampelekea nani?"

"Yule abiria. Asipoondoka, mtihani siendi."

Hapo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha. Kazi ile aliitaka mno. Nikakiri kuwa sauti ilikuwa yangu.

"Sauti yako, sawa. Na gari? Ulilisukuma weye?"

Swali zuri. Bahati, fundi wa magari wa Mokowe aliwahi kunionyesha kidude kinachokaa kati ya injini na gia, kimepasuliwa: kama bakuli mbili za chuma zilizofunikana, kila moja ina mapanga ndani kama ya feni. Nikajaza sufuria maji, nikaacha kifuu cha nazi kielee juu, nikakoroga kwa mwiko chini kabisa. Kifuu kikaanza kuzunguka.

"Umekigusa," akasema.

"Wallahi sijakigusa. Mwiko ndio injini, kifuu ndio magurudumu, na haya maji ni mafuta ya gia. Injini ikiwaka tu, mafuta yanazunguka, yanayasukuma magurudumu. Sasa kishike kifuu kwa kidole."

Akakishika. Kifuu kikatulia, mwiko ukaendelea.

"Kidole chako ndiyo breki. Gari limesimama na injini haikuzimika, maana injini na magurudumu havikushikana chuma kwa chuma. Ondoa."

Akaondoa. Kifuu kikaenda. Akarudia mara tatu, kisha akaninyang'anya mwiko akoroge mwenyewe.

"Lakini haya mai ya sufuria yakirudi yanipiga mkono. Huko ndani hayaizuii injini?"

Hilo mimi lilinichukua wiki nzima kulielewa! Nikamwambia katikati ya zile bakuli mbili kuna pangaboi dogo, la tatu. Linayageuza mafuta yanaporudi ili yaende upande injini inakozunguka. Ndiyo maana gari linapoanza kuondoka hupata nguvu zaidi.

Akazima makaa. Hakunisamehe.

Jumatatu alifaulu. Alipotoka ofisini aliniita garini mbele ya mwalimu na ya yule bwana aliyemtahini, akawasha, akaweka gia, mguu kwenye breki.

"Nikiondoa mguu?"

"Litaenda," nikasema.

"Nani atalisukuma?"

"Mafuta."

"Sikusikia."

"Mafuta ya gia, Shangazi!"

"Si abiria?"

"Hakuna abiria."

"Basi shuka," akasema. Nikashuka. Akaondoa mguu, gari likatambaa polepole hadi gatini kwenye boti, nami nyuma yake kwa miguu, nimebeba chetezo alichonibebesha tangu nyumbani.