Nilimficha Binti wa Watu

Mimi ni mwanamke wa amri, sikatai. Miaka yote niliyoleta wanafunzi kutoka chuo ninachofundisha ng'ambo kuja kusoma muhula mmoja Mwanza, mji niliozaliwa, waliniogopa mimi kuliko mbu. Amri yangu kubwa ilikuwa hii: siku kumi kabla ya kuondoka, kila mmoja ananikabidhi simu yake. Nataka mle kwa Kiswahili, mgombane kwa Kiswahili, mkiota muote kwa Kiswahili. Wazazi wao nilikuwa nawaandikia mapema kwamba wakiwa na shida na mtoto wanitafute mimi.

Safari hii walikuwa wanane, na walikuwa wa mwisho. Nilikuwa nastaafu mwezi uliofuata. Nilitaka nimalize vizuri, wote wafaulu, nipande ndege nikiwa nimeinua kichwa. Kila nikikumbuka yaliyotokea najiuliza kama ningefanya vile kama isingekuwa mara ya mwisho. Huenda ningefanya tu.

Ilikuwa Jumatatu, siku nne kabla ya ndege. Nilikuwa kwenye mgahawa karibu na stendi ya Buzuruga, nimeletewa ugali na sato, ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa baba wa binti mmoja kati ya wale wanane. Mama yangu amelazwa, aliandika, madaktari wanasema ni suala la saa au siku. Anamuulizia mjukuu wake, anataka kumsikia. Tafadhali mwambie binti apige leo. Nikajibu hapo hapo kwa vidole vyangu vya mafuta: pole sana, nitamwambia.

Na nilikusudia kumwambia, Mungu anajua. Nikanawa, nikaenda moja kwa moja Pasiansi, kwa mama aliyekuwa anaishi na yule binti. Ni fundi cherehani, Mjita kutoka Mara, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa vilevile. Nilimkuta barazani anakanyaga cherehani yake. Binti hakuwepo, alikuwa ziwani anafua na watoto wa nyumba ile. Nikamweleza yule mama habari yote.

"Weee!" Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Mwalimu, mtihani wake si kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Sasa unamwambiaje leo? Mtoto wa watu atakula? Atalala? Mwache afanye mtihani wake kwa amani. Akitoka hapo tunamkalisha, anakula, anaambiwa na watu wazima. Si ndivyo watu wanavyoambiwa?"

Ndivyo. Hata mimi ndivyo nilivyoambiwa. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha sita, katikati ya mitihani, na ndugu zangu wakakaa kimya wiki mbili nzima. Siku ya mtihani wa mwisho baba mdogo akaja shuleni, akaninunulia soda, akasema baba anaumwa kidogo, twende nyumbani. Nilipofika nikakuta kaburi, udongo umeshakauka. Nilifaulu vizuri sana mwaka ule, na kila mtu akasema wameniokoa. Mpaka leo sijui kama niliwashukuru au sijawasamehe. Ila pale barazani sikukumbuka kaburi, nilikumbuka kufaulu.

"Haya," nikamwambia, "basi iwe kesho."

Binti akatokea na beseni la nguo kichwani, maji yanamchuruzika usoni. Akalitua, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umejiandaa?"

"Nimejiandaa mpaka nimechoka."

Tukacheka wote watatu. Yaani nilicheka, jamani, huku moyoni nayajua.

Asubuhi ya Jumanne nilipoamka nikakuta jumbe mbili kutoka kwa yule baba. Wa kwanza ulisema: tunangoja, hajapiga, Mama ameuliza mara mbili kama simu imelia. Wa pili ulifika saa chache baadaye. Mama amefariki. Mwambie binti hatumlaumu, labda aliogopa.

Labda aliogopa. Maneno hayo yalinichoma kuliko habari ya kifo chenyewe. Ungedhani nitavaa viatu nikimbilie Pasiansi. Wapi! Nilijiambia kwamba bibi wa watu keshakwenda, sasa haraka ya nini, acha amalize mtihani. Nikampigia yule fundi nikamweleza, kisha nikachana nywele, nikaenda darasani. Profesa mzima na akili zangu.

Mtihani ulikuwa wa kuzungumza. Kila mmoja alitakiwa aeleze kazi moja aliyofundishwa na familia yake. Binti alieleza jinsi ya kushona gauni, tangu kumpima mteja hadi kupiga pasi, na hakuangalia karatasi hata mara moja. Alikosea hapa na pale, nikaacha kama sikusikia. Alipomaliza alinitazama akingoja nimsifu, maana siku zote nilikuwa namsifu. Nilishindwa kuinua uso. Nikaandika alama, nikamwambia afunge vitu vyake, tunakwenda nyumbani kwao.

Kumbe Pasiansi watu walikuwa wameshajaa. Mikeka imetandikwa uani, majirani kama kumi wamejifunga khanga, sufuria kubwa ya chai iko jikoni. Ulikuwa msiba kamili, wa bibi wa Kizungu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa ameshaanza kulia, na kulia kweli.

Binti alisimama mlangoni mwa uzio. Akavua ndala zake taratibu. "Nani amefariki?" akaniuliza kwa kunong'ona, kwa adabu, akidhani ni msiba wa wenyeji wake.

Yule fundi akaja akamshika mkono. "Njoo ukae, mwanangu. Ni bibi yako. Mama yake baba yako."

Hakulia. Alikaa mkekani na mkoba wake bado uko begani. "Lini?"

"Usiku wa kuamkia leo," nikasema.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alizidiwa ghafla."

"Wewe umejua lini?"

Mbele ya kina mama wote wale nikafungua mdomo wangu nikasema, "Nimepata ujumbe leo asubuhi." Na kweli ujumbe wa asubuhi ulikuwepo, ndiyo maana ulinitoka kirahisi. Yule fundi alinitazama, kisha akainamisha kichwa akaanza kuchokonoa ukingo wa mkeka.

Sauti ya binti ikabadilika, ikawa kali, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kwa nini baba hakunitafuta? Kama bibi alizidiwa, kwa nini hakunitafuta? Anajua bibi ndiye aliyenilea. Anajua! Baba huyu sitamsamehe."

Loh. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kule ng'ambo baba anaamini binti yake aliambiwa akaogopa kupiga. Huku binti anaamini baba yake hakujali kumwambia. Na mimi niko katikati na mkoba mapajani, simu yenye ujumbe wote imo ndani yake. Ningeweza kusema ujumbe wa jana ulichelewa kuingia, mtandao ulikuwa unasumbua. Mtandao wa Mwanza umezoea lawama, usingekataa. Wote wawili wangeamini, nami ningestaafu kwa heshima zangu.

Nilitamani sana kusema hivyo, na sentensi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Ila nilimwona amekunja ngumi kwa kumkasirikia baba yake, nikashindwa.

"Baba yako alikutafuta," nikamwambia. "Jana mchana. Bibi alikuwa bado hai, alitaka kukusikia. Niliombwa nikwambie upige, na sikukwambia."

Aliyekuwa analia akanyamaza. Yule fundi akadakia, "Na mimi pia, mwanangu. Tulikuficha wawili."

"Hapana, mama," nikasema. "Wewe ulishauri tu. Aliyeombwa ni mimi."

Binti alinigeukia. "Kwa sababu ya mtihani?"

"Kwa sababu ya mtihani."

"Nilikuwa nakueleza namna ya kupima kiuno," akasema, "na wewe unajua kwamba bibi amekufa."

Nikamjibu ndiyo. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mtu hufariki, haifai kusema amekufa. Siku ile hakuna aliyemsahihisha.

Nikatoa simu, nikampigia baba yake hapo hapo mkekani, sauti nikaiweka juu ili binti asikie kila neno. Kwao kulikuwa hakujapambazuka, lakini alipokea mara moja. Nikamwambia kwa lugha yao: "Binti yako hakuogopa. Hakujua. Mimi ndiye niliyemficha mpaka amalize mtihani."

Nilisikia anavyohema. Nilingoja matusi, na nasema kweli, nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo hakukataa kupiga?" akauliza.

"Hakukataa."

"Mama alidhani amekataa." Akahema tena. "Nipe mwanangu."

Nikampa binti simu, nikasimama nitoke nje. Sikuwa na uso wa kukaa pale. Yule fundi akanikamata upindo wa gauni. "Kaa," akaniambia. "Kaa hapo hapo, Mwalimu, usikie." Nikakaa.

Binti aliishika simu kwa mikono miwili. "Baba, sikujua," akasema. "Sikuambiwa. Ningepiga, Baba, ningepiga saa ile ile. Mwambie Bibi kwamba si..."

Akanyamaza na mdomo wazi. Ndipo alipolia.