Baba Alivyonyimwa Uzee

Baba yangu, Kasimiri Lugembe wa Kwihara, alikuwa na kasoro moja tu ya uzeeni: hakuchoka. Meno alikuwa nayo yote, isipokuwa moja lililovunjwa na kijiwe ndani ya ugali, na kwa kijiwe hicho alimlaumu mama mpaka siku yake ya mwisho. Alfajiri alikuwa shambani, jioni aliwafunga vijana bao, na Jumapili aliimba misheni kwa sauti ya kumtisha kiongozi wa kwaya.

Sasa mtu wa namna hiyo amweleze nani kwamba ni mzee? Na mwaka ule alihitaji sana kuwa mzee. Nasimulia haya mimi Imakulata, binti yake wa mwisho, niliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mengi nilicheka, na mengi yalistahili kuchekwa. Mahali pamoja tu nilicheka pasipo pake, na nitapasema nikifika.

Ilikuwa mwaka 1936. Serikali ya Waingereza ilimtoza kodi kila mwanamume, ila iliacha milango miwili ya kutokea: mzee alisamehewa, na asiyejiweza alisamehewa. Wote wawili walipewa cheti, na cheti kilifanywa upya kila mwaka. Asiyesamehewa, na hana cha kulipa, aliijua njia yake. Aliandikwa manamba, akapandishwa treni, akaenda kukata mkonge Tanga miezi tisa.

Nzige walikuwa wamepita kwetu misimu miwili mfululizo, hatukuwa na cha kuuza. Baba hakuuogopa mkonge. Nilijua angekata kuliko vijana, na kwa kupenda sifa angeongeza mkataba juu ya mkataba. Shida ilikuwa mama. Macho ya mama yangu Apolinaria yalikuwa yameingia ukungu. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu, na aliyemshika mkono kwenda kisimani, shambani na kanisani alikuwa baba. Mimi nilikuwa na watoto wanne na mama mkwe asiyeridhika na lolote. Baba akienda Tanga, mama angebaki kizingitini akingoja mtu wa kumwinua.

Basi baba akaenda bomani Tabora kuomba cheti. Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, aliwapeleka wazee wengi siku moja, wakapangwa mstari uani. Bwana Shauri, yaani ofisa wa Serikali pale bomani, Mwingereza kijana aliyeingia nchini juzi juzi, alipita akiwatazama mmoja mmoja kama ng'ombe wa mnadani. Mwenye mvi na mgongo uliopinda alipewa cheti. Aliyesimama wima aliambiwa, "Bado."

Baba, Mungu amrehemu, aliingia uani akiwa na gunia la mkaa begani. Njiani alikuwa amemkuta mjane mmoja amelemewa, akamwambia, "Lete, mwanangu," akalibeba mpaka mjini bila kulitua, kisha akasahau kuliacha langoni. Huo ndio ugonjwa wa Wanyamwezi wa rika lake. Walilelewa wakiamini kwamba asiyefika pwani na mzigo begani hajawa mwanamume, na bega likikaa tupu huwawasha. Bwana Shauri akamtazama baba, akalitazama gunia, akacheka peke yake.

"Bado," alisema, akapita.

Habari hizo zilimfikia Silasi kabla baba hajafika nyumbani. Silasi alikuwa rafiki yake, Mmoraviani aliyehamia kwetu kutoka Usinge, mtu wa maneno mengi na kweli chache. Alikuwa na cheti cha uzee mwaka wa tatu sasa. Kilichotuudhi ni kwamba alikuwa mdogo kwa baba kwa miaka kama kumi na mitano. Lakini alikwenda amepinda, na fimbo mkononi, na mvi zilikuwa zimemwahi.

"Hujui kazi, kaka," alimwambia baba. "Mimi naigiza. Nikifika bomani napinda hivi, nakohoa hivi, Mwingereza ananihurumia. Nikitaka kunyooka nanyooka."

Hatukuwahi kumwona akinyooka. Lakini Silasi hakuna aliyemdai ushahidi wa jambo lolote. Ukianza kuchunguza maneno yake utakosa muda wa kulima.

"Nifundishe," baba alisema. "Wiki ijayo wanakagua tena."

Somo lilifanyika uani kwetu asubuhi moja, mimi nikichambua majani ya kunde. Silasi alimpa fimbo yake, akamwinamisha, akamwambia aburute mguu wa kushoto.

"Sivyo. Unaburuta kama mtu aliyechomwa mwiba. Buruta kama mtu aliyekwisha zoea."

Sijapata kuona mwigizaji mbaya kama baba yangu. Kila hatua ya tatu alisahau akanyooka, na Silasi akambonyeza mgongo chini. Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mapajani. Lakini kidogo kidogo akashika. Alipouzunguka ua mara ya nne alikuwa kikongwe kamili, miguu inakwaruza, pumzi inakoroma.

Hapo ndipo mama alipotoka ndani, akaketi mlangoni akipukuchua mahindi. Aligeuza uso kuisikiliza ile miguu. Kisha akapapasa, akakipata kigoda, akakisukuma mbele.

"Mwangaluka, baba," alisema kwa adabu, kama tunavyomwamkia mgeni kwa Kinyamwezi. "Karibu uketi. Mwenyewe ametoka, lakini hakawii."

Baba alisimama pale pale. Kisha akamrudishia Silasi fimbo yake, akaenda akaketi kwenye kile kigoda, akamshika mama mkono.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe? Una nini mguuni?"

"Sina kitu."

Jioni alinipitia nyumbani kwangu. "Mwanangu," alisema, "kama mke wangu mwenyewe hanijui, cheti hicho atapewa nani?" Akaapa kwamba bomani atakwenda kwa mwendo wake. Nilimwambia mwendo wake ndio utakaompeleka Tanga, na nikasema mengine ambayo binti hamwambii baba yake. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namwonea fahari, na viwili hivyo havikai vizuri tumboni.

Siku ya ukaguzi nilifuatana nao, nikisingizia kwamba nimeishiwa chumvi. Baba alitangulia, Silasi na fimbo yake wakafuata, naye akienda kufanya upya cheti chake, mimi na mwanangwa nyuma. Uani bomani palikuwa na meza, na mezani karani wa kodi, Mfaume, mtu wa makamo mwenye tarbushi nyekundu. Alikuwa Mzaramo wa upande wa Bagamoyo. Alipomwona baba mstarini uso ulimng'aa, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na karani wa kodi hapati furaha nyingi kazini.

"Mnyamwezi, umerudi? Gunia liko wapi leo?"

"Nimemwachia mkeo, Mzaramo. Wewe hubebi kitu kizito kuliko ngoma."

"Mzee gani mwenye meno yote hayo? Nenda ukakate mkonge, mbeba mizigo wee, njaa ikutoke."

Baba alitoka mstarini. Alimwendea karani, akamvua tarbushi, akaivaa mwenyewe, akamwashiria ainuke, akaketi kwenye kiti chake. Askari mmoja akashika rungu. Bwana Shauri alikuja mbio, uso umemwiva.

"Mkamateni huyo. Anaidharau Serikali."

Mimi nilishika kichwa. Niliiona Tanga, tena niliiona na jela mbele yake.

"Hapana, bwana," alisema Mfaume, kichwa wazi, akicheka. "Huyu ni mtani wangu. Ana haki. Akilitaka shati langu pia, nitalivua."

Bwana Shauri alitaka kujua ni haki gani hiyo isiyokuwa kwenye vitabu vyake. Mfaume alimweleza. Zamani za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipofika pwani walipokewa na Wazaramo, wakala kwao, wakaugua kwao, na waliokufa wakazikwa nao. Watu waliozikana hawawezi kugombana, basi hutaniana.

"Lakini siku hizi wengi wanatania mdomoni tu," aliendelea. "Vijana wa Kinyamwezi hawathubutu kunigusa, wanaiogopa hii meza. Huyu amekuja moja kwa moja mpaka kitini. Huyu utani aliuchukua njiani, kabla ya reli." Akamgeukia baba. "Mtani, pwani ulifika mara ya kwanza lini?"

"Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka huko," baba alisema, tarbushi imemkaa upande, "ndevu ndiyo kwanza zinaota, tukawakuta Wajerumani wameuzingira mji wa mtemi Isike. Siku alipojilipua kwa baruti nilikuwa Kwihara, naezeka banda la mama yangu. Udongo ulitikisika."

Mwaka wa Isike ulikuwa unajulikana hata bomani. Mfaume aliutaja: 1893. Bwana Shauri alihesabu kwa vidole, na hapo nilimpenda kidogo.

"Miaka arobaini na mitatu," alisema. "Pamoja na ile ya kabla ya ndevu, umepita sitini. Mbona huonekani mzee?"

"Bwana, sheria yenu imesema mzee," baba alijibu. "Haikusema mzee aliyeharibika."

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui tu, na hapo akajua. Akamwambia Mfaume aandike cheti. Baba aliinuka, akamvisha mtani wake tarbushi yake, akaipigapiga ikae sawa. Mimi nilikwenda nyuma ya ukuta nikalia kwa furaha, kisha nikarudi upesi nisipitwe na jambo.

Na jambo lilikuwapo. Bwana Shauri alikipenda kile kipimo kipya kama mtoto aliyepata kirungu. Alianza upya mwanzo wa mstari, akamwuliza kila mmoja alikuwa wapi siku Isike alipojilipua. Wazee walionyooka, waliozoea kuambiwa "bado," walifurahi sana. Mmoja alisema alikuwa msituni akirina asali. Mwingine alisema alikuwa tayari na wake wawili na hakusikia mlipuko wowote kwa kelele zao. Uani pakawa kama harusini.

Kisha akafika kwa Silasi.

"Na wewe?"

Silasi alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza uongo haukumjia upesi. Mwanangwa, aliyeletwa pale ili awe shahidi, alimjibia kwa kuzoea kusema kweli mbele ya wakubwa.

"Huyu alikuwa mgongoni mwa mama yake, bwana."

Bwana Shauri alifunua daftari, akaona cheti cha uzee cha mwaka jana, na cha juzi, na cha kabla yake.

"Kumbe umekuwa ukituchezea," alisema. "Weka fimbo chini. Simama wima."

Watu walicheka, na aliyeanza nilikuwa mimi. Hapo ndipo pasipo pake nilipopataja. Nilitaka kumwona akinyooka, maana alikuwa ametuahidi mara nyingi.

Silasi aliilaza fimbo chini. Akavuta pumzi. Mabega yalipanda kidogo, shingo ikatetemeka, jasho likamtoka kwenye paji, na mgongo ukabaki pale pale ulipokuwa. Akajaribu tena, meno ameyauma. Kicheko kilianza kukatika, mtu mmoja baada ya mwingine, mpaka tukasikia pumzi yake tu.

Baba alimsogelea. "Silasi," alisema kwa sauti ya chini, "tangu lini?"

"Tangu vita vya Wajerumani. Nilianguka na sanduku la risasi, likawa juu, mimi chini." Alijaribu kutabasamu, asiweze. "Ningesemaje, kaka? Kijana wa miaka ishirini na sita, hajiwezi? Afadhali waniite mwongo."

Niliona aibu ambayo sikuwa na pa kuiweka. Miaka yote ile tulimwita mwigizaji, naye akatuachia tumwite hivyo kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

Bwana Shauri alikuwa amekwisha kuona mwenyewe. Aliiokota ile fimbo, akamrudishia, akamwambia Mfaume, bila kumtazama mtu, "Mwandikie. Hajiwezi."

Mfaume alichovya kalamu.

"Usiandike hivyo," Silasi alisema. "Bwana, nakuomba. Niandike manamba, nitakwenda Tanga. Neno hilo usiliandike."

Mfaume akashikilia kalamu hewani. Cheti kilitaka sababu, na sababu zilikuwa mbili tu, na moja ilikuwa imekwisha kukanushwa na mwanangwa mbele ya watu wote. Mwanangwa mwenyewe alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Mwanangwa amekosea," baba alisema. "Huyu ni rika langu. Tulikwenda pwani pamoja. Mimi nilikuwa nyuma, yeye mbele."

Hakuna aliyekuwa pale asiyejua. Mfaume alijua, wazee walijua, na Mwingereza aliyehesabu kwa vidole alijua kuliko wote. Alimtazama baba kwa muda, kisha akamtazama mwanangwa.

"Ni kweli?"

"Nimezeeka, bwana," mwanangwa alisema. "Nasahau."

Bwana Shauri akafunga daftari, akaenda kwa mzee aliyefuata mstarini. Kalamu ya Mfaume ikaanza kukwaruza.

"Umeandika nini?" Silasi aliuliza.

"Nimeandika mzee."

Silasi alikipokea cheti, akakigeuza, maana kusoma hakujua. Kisha akakirudisha mezani, akamwomba Mfaume amsomee tena.