Siku Baba Mkwe Alipotoka Barazani

Mwalimu wa akina mama, naye mwanamke, alikuja kila Jumatano kutoka Keroka kwa baiskeli ya kiume, na hilo peke yake liliwachekesha watu wiki nzima. Uhuru ulikuwa bado mpya. Alitufundisha kushona, kuchemsha maji ya kunywa, kumpa mtoto yai. Siku moja akaweka sindano chini, akasema leo tutaongea habari ya wasichana kushikwa kwa nguvu njiani.

Tuliinamia vitambaa vyetu. Halafu jirani yangu akasema, "Mwalimu, turudi kwa mayai." Tukacheka mpaka mtoto akaamka mgongoni kwangu.

Yeye hakucheka. Alisema msichana akiumizwa asioge, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kisha baba yake apeleke shauri kwa chifu, na msichana mwenyewe aseme yote mbele ya baraza. "Akificha neno," alisema, "mwanamume atashinda."

Maneno mazuri. Lakini hakuwa Mkisii, Keroka aliletwa kwa kazi tu, hakujua ensoni. Kwetu kuna maneno mtoto hawezi kuyatamka baba yake akisikia, wala baba hawezi kukaa akayasikia. Aibu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mke wa mwana na baba mkwe ni vivyo hivyo. Mimi nikikutana na baba mkwe kwenye njia nyembamba, niliingia kwa migomba mpaka apite.

Haikuchukua muda, wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, akashikwa akitoka kupeleka majani ya chai. Mwanamume alimjua. Sote tulimjua, ni wa boma la ng'ambo ya mto. Aliniambia mimi, kwa sababu wifi huambiwa. Nikamkataza kuoga, nikampeleka hospitali. Mama mkwe akamwambia mzee kwa kuzungukazunguka: "Msichana wako ameharibiwa njiani." Mzee hakuuliza kitu, akapeleka shauri kwa chifu. Siku ya baraza alivaa koti lake la Sabato, na haikuwa Sabato.

Watu wa ng'ambo walikuja wengi, wakiwa na furaha kama wamealikwa arusi. Chifu akasema, "Haya, msichana. Alikufanya nini?"

Wifi yangu alimtazama baba yake. Baba yake alitazama kofia yake. Mwisho mzee akasimama, akavaa kofia, akatoka mpaka nje ya ua, akatugeuzia mgongo. Kila mtu pale alielewa. Alikuwa amempisha mtoto wake aseme. Na mtoto akafungua mdomo.

"Ngoja," chifu akasema. "Mwenye shauri amekwenda wapi?"

"Ametoka ili mtoto aweze kusema," mama mkwe akajibu.

"Serikali haijui mambo ya kutoka. Mwenye shauri akiondoka, ameliacha."

Chifu yule alikuwa Mkisii kama sisi. Alijua. Na mke wake alizaliwa boma lile la ng'ambo.

Nikasimama. "Chifu, mzee si yule pale? Mwite."

"Wewe ni mke wa nani, unasimama kwa baraza? Keti! Nikimwita, huyu atasema?"

Mzee akirudi, mtoto atanyamaza. Mzee asiporudi, hakuna shauri. Mtu mmoja wa ng'ambo akampazia wifi yangu sauti, "Dada, wewe tafuta bwana, wacha kutafuta chifu!" Wakacheka sana. Chifu akasema mambo haya wazee wakayamalize nyumbani. Hakuna aliyeyamaliza.

Jumatano nikamweleza mwalimu. "Lakini kwa nini baba hakubaki?" akauliza. Nikamwambia habari ya ensoni kama ninavyowaambia hapa. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Hiyo hatukufundishwa," akasema. Siku hiyo tulishona foronya.

Wifi yangu akaolewa mbali, kupita mji wa Nyaramba, na mzee mwenye wake wawili, maana mama za vijana walikuwa wamesikia. Baba mkwe alikufa kabla chai yake mpya haijachumwa. Yeye na binti yake hawakuwahi kuongea habari ya siku ile. Wangeongeaje? Ensoni ni ile ile.

Baada ya miaka nilikwenda kumwona wifi yangu. Tulikuwa tunapepeta nafaka ya wimbi nyuma ya nyumba, mimi na yeye, na hakuna mtu wa kumwogopa. Akasema bila kuniangalia, "Siku ile, baba alitoka kwa nini?"

"Kwani hujui? Alitoka ili useme."

"Najua hivyo. Hata siku ile nilijua." Akapepeta kidogo, akasimama. "Lakini mimi niliona mgongo wake tu. Nikiota, ndio ninauona. Yule mwingine simwoti."

Wimbi ilikuwa bado nyingi, tukaendelea.